Mshahara Usimezwe na Vipimo Vidogo Vidogo

Familia changa ya mtumishi wa umma aghalabu haifilisiki kwa siku moja. Hufilisika kidogo kidogo, kwa robo ya sukari, kwa kipande cha sabuni na kwa kipimo cha mafuta ya kula kisichotosha mapishi ya siku mbili. Mwalimu aliyeoa juzi, mwenye mtoto mmoja au wawili, hushangaa kuona kwamba ifikapo tarehe kumi na tano mshahara umekwisha, ilhali nyumbani hakuna kitu kikubwa kilichonunuliwa. Wakati umefika wa kulitazama jambo hili kwa makini, maana athari zake zinavuka kuta za jikoni na kufika darasani na ofisini.

Siku ya Mei Mosi mwaka 2025, huko Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000, kuanzia Julai mwaka huo. Wafanyakazi waliipokea habari hiyo kwa furaha, na walikuwa na haki ya kufurahi. Hata hivyo, nyongeza ya mshahara ni sawa na maji yanayotiwa katika mtungi. Ikiwa mtungi una ufa, maji yatapita. Madai ya ujira wa haki ni halali na yataendelea kuwa halali. Lakini hayamwondolei mfanyakazi wajibu wa kuziba ufa ulio ndani ya uwezo wake mwenyewe.

Wazazi wetu walikabiliwa na tatizo la namna nyingine. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 fedha iliweza kuwapo mfukoni na sukari isiwepo dukani. Watu walipanga foleni kwa ajili ya sabuni, na mwaka 1983 taifa zima lilishuhudia msako dhidi ya walanguzi. Leo maduka yamejaa. Kinachopungua ni fedha. Kwa hiyo mbinu za leo haziwezi kuwa zile za kuwinda bidhaa. Hazina budi kuwa mbinu za kuilinda shilingi isitoke bila sababu.

Ufa wa kwanza ni ununuzi wa vipimo vidogo. Tuchukue mfano wa kukadiria. Tuseme dumu la mafuta la lita tano linauzwa shilingi 30,000, na kwamba dukani mafuta hayo hayo hupimwa kwa shilingi 1,000 kila kipimo cha mililita 125. Anayenunua dumu hulipa shilingi 6,000 kwa lita. Anayenunua kwa kipimo hulipa shilingi 8,000. Familia inayotumia lita tano kwa mwezi itapoteza shilingi 10,000, yaani shilingi 120,000 kwa mwaka, kwa bidhaa moja tu. Msomaji na aongeze sukari ya robo robo, sabuni ya vipande, unga wa nusu kilo na majani ya chai ya paketi ndogo, kisha ajumlishe mwenyewe kwa bei za mtaani kwake.

Hatumlaumu mwenye duka. Yeye hununua katoni, huifungua, huipima, na husubiri mteja hadi usiku. Kazi hiyo ina ujira wake, na anayenunua kidogo ndiye anayeulipa. Kibarua anayepata malipo yake kila jioni hana njia nyingine, kwani hana fedha za kutosha kununulia dumu. Mwenye mshahara wa mwezi hana udhuru huo. Fedha za dumu anazo siku ya mshahara. Anachokosa ni mpango, na mpango haununuliwi.

Mpango huo ni rahisi. Kabla ya mshahara kufika, mume na mke wakae pamoja na daftari. Wahesabu kilo za unga, mchele, maharage na sukari, lita za mafuta na miche ya sabuni itakayotumika mwezi mzima. Vitu hivyo vinunuliwe kwanza, kabla ya jambo lolote lingine. Fedha ya mboga, nyanya na samaki, ambavyo haviwezi kukaa, igawanywe kwa majuma manne na kila fungu litunzwe mbali na mengine. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Inasikitisha kwamba mwalimu anayesahihisha hesabu za watoto arobaini hupita mwaka mzima bila kuandika hesabu ya nyumba yake.

Ifahamike kwamba daftari hilo si la mama peke yake. Kuna baba anayehoji kwa nini nyanya zimekwisha, lakini mwenyewe hunywa supu kila asubuhi na soda kila mchana bila kuiandika hata moja. Shilingi 1,000 kwa siku, kwa siku 26 za mwezi, ni shilingi 26,000. Kwa mwaka ni shilingi 312,000. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza pia.

Ufa wa pili ni kununua bila kufuata msimu. Mahindi na maharage hushuka bei baada ya mavuno, na katika Nyanda za Juu Kusini mavuno ya mahindi huanza karibu na Mei na kuendelea hadi Agosti. Anayesubiri mpaka Januari au Februari hununua chakula hicho hicho wakati ghala nyingi zimeanza kupungua. Ni kweli kwamba si kila familia inaweza kununua gunia zima. Hapo ndipo ushirika unapohitajika. Walimu watano wa shule moja wakichanga fedha na kununua gunia la maharage la kilo 100, kila mmoja atapata kilo 20, na wote watakuwa wamelipa bei ya jumla. Kinachohitajika ni mtu mwaminifu wa kwenda sokoni, mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, na karatasi moja ya mahesabu ambayo kila mchangiaji ataiona.

Mahindi yanayotunzwa nyumbani lazima yakaushwe vizuri na kuhifadhiwa katika mifuko maalumu isiyopitisha hewa, ambayo huwaua wadudu bila dawa. Tunalisisitiza hili kwa sababu mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Nafaka iliyoota ukungu si rahisi hata ikitolewa bure. Ikumbukwe pia kwamba unga wa dona hubaki na kiini na pumba zenye virutubisho ambavyo hupungua sana katika sembe. Lakini dona halikai muda mrefu, hivyo ni busara kusaga kidogo kidogo. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva upesi na kupunguza gharama ya mkaa au gesi.

Sasa tuje kwenye vitamutamu vya watoto, ambako watu wengi hukosea kwa njia mbili. Wapo wanaomnunulia mtoto soda na biskuti kila anapolia. Wapo pia wanaoapa kwamba kitu kitamu hakitaingia nyumbani, wakashindwa baada ya juma moja na kurudia kwa pupa. Sisi tunaamini kwamba nyumba isiyo na furaha haiwezi kudumu katika kubana matumizi. Mtoto apewe kitu kitamu, ila kipangiwe siku yake na kitengenezwe nyumbani kwa kadiri inavyowezekana. Kashata za karanga, bisi, visheti, ubuyu usiotiwa rangi na maji ya ukwaju hugharimu kidogo, na mtoto aliyeshiriki kuvitengeneza huvifurahia maradufu. Chupa ya soda ya mililita 350 huweza kuwa na sukari ipatayo gramu 35, yaani zaidi ya vijiko vinane vya chai. Chungwa au embe la msimu humpa utamu pamoja na vitamini.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 tulipata funzo juu ya sukari. Mvua za El Niño zilikwamisha uvunaji wa miwa, sukari ikaadimika, na Januari mwaka huo Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo, kwa kutegemea mkoa. Hata hivyo, katika sehemu nyingi wananchi waliuziwa kwa bei iliyopita kiwango hicho. Familia zilizozoea chai yenye sukari kidogo ziliumia kidogo. Familia ambazo kila kinywaji ni sukari ziliumia zaidi.

Aidha, yako mambo ambayo kubana matumizi kusiyaguse. Mtoto mchanga apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo. Hiyo ni afya na ni akiba, maana maziwa ya kopo ni ghali. Dagaa, mayai, karanga na mboga za majani visiondolewe mezani ili kuhifadhi fedha ya soda. Chumvi inunuliwe ile yenye madini joto, hata kama ile isiyo nayo ni nafuu. Kubana matumizi kunakomdumaza mtoto ni hasara kwa familia na kwa taifa.

Tumesema kwamba athari za jambo hili hufika darasani, na hapa ndipo penye uzito wake. Mshahara unapoisha katikati ya mwezi, mtumishi huenda kukopa. Huanza na daftari la madeni la duka la jirani, kisha huishia kwa wakopeshaji wa ile mikopo ambayo wananchi wenyewe wameiita kausha damu. Kanuni ya utumishi inataka mfanyakazi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato. Mkopeshaji wa mitaani huikwepa kinga hiyo kwa kuichukua kadi ya benki ya mkopaji pamoja na namba yake ya siri, akawa yeye ndiye anayepokea mshahara. Mwalimu wa namna hiyo husimama mbele ya wanafunzi mwili ukiwapo na mawazo hayapo. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Tunavitaka vyombo vinavyohusika viisimamie sheria hiyo bila kuoneana haya. Tunaviomba vyama vya ushirika vya akiba na mikopo vya watumishi visiishie katika kutoa mikopo. Viwasaidie wanachama kununua chakula kwa pamoja wakati wa mavuno. Wakuu wa shule na wakuu wa idara nao waache mlango wazi kwa wafanyakazi wao wanaotaka kuanzisha mpango kama huo.

Lakini hatua ya kwanza haingoji chombo chochote. Mwezi ujao, siku moja kabla ya mshahara, kila mtumishi kijana na mwenzi wake waketi, wafungue daftari, na waandike kilo na lita za mwezi mzima, pamoja na karanga za kashata za watoto. Wakifanya hivyo kwa miezi mitatu mfululizo wataona ni kiasi gani kilichokuwa kikipotea. Kiasi hicho, hata kikiwa kidogo, na kiwe akiba yao ya kwanza.