Straika hajafunga mechi tano? Muulize Isildur1

DESEMBA 8, 2009, kijana wa Sweden mwenye umri wa miaka 19 alikaa mbele ya kompyuta na kupoteza takriban Dola 4.2 milioni za Marekani ndani ya saa chache. Hakuporwa na wala hakudukuliwa. Alifungwa karata tu.

Mtandaoni alijulikana kwa jina la Isildur1. Ilibidi dunia isubiri hadi Januari 2011, kwenye mashindano ya Bahamas, ndipo ikathibitishwa kwamba jamaa huyo ni Viktor Blom.

Unajiuliza habari za poka zinafanya nini kwenye kurasa za soka? Tulia. Stori ya Blom inahusu takwimu, na kwa sasa takwimu zinatumika kila kona ya mpira wetu, mara nyingi kwa kumtoa mtu kafara.

Blom aliibuka kwenye meza kubwa za Full Tilt Poker mwaka 2009 na kuwavaa vigogo wote. Tom Dwan, Phil Ivey, Patrik Antonius, hakumkwepa mtu. Novemba mwaka huo yeye na Antonius waligombea dau moja lililofika zaidi ya Dola 1.3 milioni, kubwa kuliko yote yaliyowahi kuwekwa mtandaoni hadi wakati huo. Antonius akalibeba.

Kila akicheza, salio lake lilijadiliwa kama msimamo wa ligi. Leo yuko juu kwa mamilioni, watu wanasema huyu hajawahi kutokea. Kesho ameshuka, walewale wanasema ni mcheza kamari tu.

Brian Hastings, Mmarekani aliyemfunga siku ile ya Desemba, hakuangalia salio. Baada ya ushindi alieleza kwamba alifanya maandalizi pamoja na wenzake wawili, Brian Townsend na Cole South. Walikuwa na kumbukumbu za makumi ya maelfu ya migao ya karata ambayo Blom alishacheza, na wakaichambua mmoja baada ya mwingine.

Walitafuta tabia. Anaingiza pesa kwenye migao mingapi kati ya 100? Anapandisha dau mara ngapi? Akibanwa anatupa karata au anang'ang'ania? Mkwara anaupiga wakati gani?

Ikazuka kesi. Kanuni za Full Tilt zilimruhusu mchezaji kutumia kumbukumbu za migao aliyocheza mwenyewe, si kuchangishana na wenzake. Townsend alikiri kosa na kuvuliwa kwa mwezi mmoja hadhi yake ya mchezaji mwakilishi wa kampuni. Walikosea, hilo halina mjadala. Lakini somo walilolitumia ni halali na linatuhusu: salio linakuambia kilichotokea, tabia inakuambia kitakachotokea.

Sasa tupige hesabu kidogo, usikimbie.

Mcheza poka anayevuna wastani wa madau matano ya kuanzia katika kila migao 100 ni mtu hatari. Shida ni kwamba karata zina mawimbi. Katika aina ya poka inayochezwa zaidi mtandaoni, matokeo ya migao 100 hupanda na kushuka kwa madau kama 90. Ukiingiza hilo kwenye hesabu, baada ya migao 10,000 mtu huyo hatari bado ana nafasi karibu tatu kati ya kumi ya kuonekana amepata hasara. Migao 10,000! Akifikisha 100,000, nafasi hiyo inashuka hadi kama nne kati ya mia.

Tabia haihitaji muda wote huo. Ndani ya migao mia chache tu unajua kama mtu anaingia kila vita au anachagua.

Kwa hesabu hiyohiyo, hata ushindi wa Hastings una bahati kubwa ndani yake. Pambano lile halikufika migao 3,000. Anayesema Dola 4.2 milioni zinathibitisha Hastings ni bora kuliko Blom anarudia kosa lilelile la kusoma salio. Na Blom waliyemzika? Januari 2012 alirudi Bahamas na kutwaa shindano la viingilio vikubwa, akaondoka na Dola 1.25 milioni.

Turudi nyumbani.

Ligi Kuu Bara ina timu 16 na kila timu inacheza mechi 30. Msimu mzima, mechi 30. Mcheza poka mtandaoni anapata migao 30 kabla chai haijapoa. Halafu sisi tunamhukumu straika kwa mechi tano.

Chukua straika mzuri ambaye kwa kawaida anafunga bao moja katika kila mashuti sita. Mpe mashuti mawili kwa mechi. Baada ya mechi tano amepiga kumi. Uwezekano wa yote kumi kukataa, bila kiwango chake kushuka hata kidogo, ni asilimia 16. Yaani ukiwa na mastraika sita wa aina hiyo, mmoja atamaliza mechi tano bila bao kwa sababu ya bahati tu.

Huyo mmoja ndiye anayezomewa uwanjani. Ndiye anayeitwa garasa. Ndiye anayevunjiwa mkataba dirisha dogo, kisha anaenda kufunga kwingine na mashabiki wanaanza kuzungumzia ushirikina.

Simtetei kila anayekosa mabao. Wapo wabovu, tena wengi tu. Ila ubovu unaonekana kwenye tabia. Anafika kwenye nafasi au anajificha nyuma ya mabeki? Mashuti yake anapiga ndani ya boksi au kutoka mita 30? Wenzake wakipoteza mpira anakaba au anasimama kiunoni? Straika anayefika kwenye nafasi tatu kila mechi na kukosa, mvumilie. Anayefunga mara mbili kwa mipira iliyomgonga na kuingia, usimwongezee mshahara kwanza.

Kama unadhani nachanganya karata na soka kwa kulazimisha, mtazame Tony Bloom. Mmiliki huyo wa Brighton amecheza poka kwa miaka mingi kwa jina la utani la The Lizard, yaani Mjusi, na utajiri wake umetokana na kubashiri kwa hesabu. Brighton ilimchukua Moises Caicedo kutoka Ecuador mwaka 2021, ikampeleka kwa mkopo Ubelgiji na kumsubiri. Mwaka 2023 ikamuuza Chelsea kwa Pauni 100 milioni, ambazo zinaweza kufika 115 milioni kwa nyongeza. Mcheza poka anajua kwamba ukifanya uamuzi sahihi, karata moja mbaya haiugeuzi kuwa kosa.

Na wewe wa mikeka, usicheke pembeni. Unafungua simu, unaona timu imeshinda nne kati ya tano, unatia hela ya kodi. Tano ni nini? Kampuni unayobeti nayo ina takwimu za misimu na misimu na watu walioajiriwa kuzisoma. Wewe ndiye Blom usiku ule, umekaa mezani na mtu aliyekusoma kabla hujakaa. Tofauti ni kwamba Blom alikuwa na kipaji cha kurudi.

Kwa viongozi wa klabu zetu ombi ni dogo. Kabla ya kumfukuza kocha au kumtema straika, msilete karatasi yenye matokeo ya mechi tano. Leteni inayoonyesha timu inatengeneza nafasi ngapi, inaruhusu ngapi, na mchezaji anafanya nini dakika asizokuwa na mpira. Kama karatasi hiyo haipo klabuni, basi mtu wa kwanza kuulizwa siyo straika.