Fujo Chumbani Si Alama ya Kipaji

Aprili 18, 1955, saa chache baada ya Albert Einstein kufariki, mpigapicha Ralph Morse wa jarida la Life aliingia ofisini mwa mwanasayansi huyo huko Princeton, Marekani, akaipiga picha meza yake. Karatasi zimetapakaa, majarida yamerundikana rafuni, ubao umejaa hesabu. Tangu hapo picha ile imegeuzwa hati ya utetezi. Kila mwenye chumba cha ushonaji kisichopitika, kila mwenye karakana ya nyumbani ambayo mlango wake hufungwa wageni wakija, huitaja: wenye vipaji ndivyo walivyo, na kupanga vitu ni kazi ya wasio na la kubuni. Upo hata msemo kuhusu meza iliyovurugika unaosambazwa kwa jina la Einstein, ingawa hakuna ushahidi kwamba aliwahi kuusema.

Imani hii ni ya uongo, na wanaoumia zaidi ni walewale inaodai kuwatetea.

Einstein alihitaji kalamu, karatasi na kichwa chake. Chumba cha hobi kina mambo mengine kabisa. Mama anarudi kutoka kazini jioni, anapika, watoto wanalala, anabakiwa na saa moja tu ya kwake. Cherehani ipo na vitenge vipo. Mkasi wa nguo hauonekani. Ukipatikana, kumbe kuna mtu aliukatia karatasi, na sasa unakitafuna kitambaa badala ya kukikata. Bobini ya uzi mweusi imeviringika chini ya kabati. Zipu aliyoinunua mwezi uliopita hajui aliiweka wapi, kwa hiyo kesho atanunua nyingine. Nusu saa imeshakwenda na hajashona hata mshono mmoja. Baada ya majuma kadhaa ya jioni za namna hiyo, mlango hufungwa, na nyumbani husemwa kwamba hamu imemwisha. Haikumwisha. Ilichoshwa na kutafuta.

Wanaotetea fujo hupenda kutaja utafiti wa Kathleen Vohs na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, uliochapishwa mwaka 2013. Watu waliowekwa katika chumba kilichovurugika waliulizwa matumizi mapya ya mipira ya tenisi ya mezani. Idadi ya mawazo yao haikuzidi ya waliokaa katika chumba nadhifu, lakini mawazo hayo yalihukumiwa kuwa ya ubunifu zaidi. Habari ikazunguka dunia. Haikuzunguka hivyo ile ya mwaka 2019, watafiti wengine walipolirudia swali hilo katika jarida la Frontiers in Psychology na kuona kwamba mvurugiko wa mahali pa kazi haukuathiri ubunifu. Hata kama matokeo ya kwanza yangesimama, kilichopimwa ni kubuni wazo kwa dakika chache. Shuka la vipande mia mbili halishonwi kwa wazo. Hushonwa kwa mikono, jioni baada ya jioni, na kila jioni mikono hiyo inahitaji kukuta vitu pale ilipoviacha.

Mfano wa pili wanaoukimbilia ni Alexander Fleming. Ni kweli kwamba Septemba 1928 alirudi kutoka likizo katika maabara yake ya Hospitali ya St Mary's, London, akakuta kuvu limeota kwenye sahani ya bakteria aliyokuwa ameiacha. Lakini kuvu huota katika sahani nyingi zilizosahauliwa. Tofauti ililetwa na jicho lake. Na kuvu lile halikuwa dawa. Zaidi ya miaka kumi ilipita kabla Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley wa Oxford hawajaisafisha penisilini iliyotoka kwenye kuvu hilo hadi ikaweza kumpa nafuu mgonjwa, kwa kazi ya kupima, kurekodi na kurudia. Hadithi hukatizwa palepale kwenye sahani chafu, kana kwamba wale wa Oxford hawakuwapo.

Ushahidi mzito kuliko wote ni mchoraji Francis Bacon, naye anastahili kujibiwa kwa heshima. Kuanzia mwaka 1961 hadi kifo chake mwaka 1992 alichora katika studio ndogo iliyokuwa 7 Reece Mews, London, sakafu ikiwa haionekani kwa picha, vitabu, mabrashi na makopo. Kuta na mlango alivigeuza ubao wa kuchanganyia rangi. Alisema waziwazi kwamba vurugu ile ilimpa taswira, na katika studio nzuri zaidi alishindwa kufanya kazi. Mwaka 1998 mrithi wake, John Edwards, aliitoa studio hiyo kwa jumba la sanaa la Hugh Lane, Dublin. Wanaakiolojia walisaidia kuandika mahali pa kila kitu, vitu zaidi ya 7,000, kisha chumba chote kikahamishwa pamoja na kuta na sakafu yake, na kufunguliwa kwa umma mwaka 2001.

Basi Bacon alifaidika na fujo, hilo likubaliwe. Ila tuangalie ilikuwa fujo ya nini. Picha iliyokanyagwa, ikakunjika na kumwagikiwa rangi, kwake ilikuwa mali ghafi. Uso uliopinda kwenye karatasi ile ulikuwa njiani kuelekea kwenye turubai. Uzi wa sufu ulioliwa na nondo haumwelekezi mfumaji popote. Gundi iliyokaukia kwenye kopo bila kifuniko haimpi mseremala taswira yoyote. Tena Bacon alikuwa na siku nzima, maana uchoraji ndio uliokuwa kazi yake. Mwenye hobi ana kipande cha jioni.

Kama mfano unatafutwa, upo ulio bora zaidi: jiko la Julia Child, mpishi mashuhuri wa televisheni ya Marekani, katika nyumba yake ya Cambridge, Massachusetts. Mumewe, Paul, alipachika ukutani mbao zenye matundu na kulabu, kisha akachora umbo la kila sufuria na kikaango mahali pake. Kaunta ziliinuliwa kuliko kawaida kwa sababu Julia alikuwa mrefu mno. Jiko hilo, ambalo mwaka 2001 alilitoa kwa Taasisi ya Smithsonian, lilijaa mamia kwa mamia ya vifaa. Wala si chumba kitupu cha kwenye picha za matangazo, chenye vikapu vyeupe vinavyofanana vinavyoficha kila kitu. Vitu ni vingi na vyote vinaonekana. Mpangilio ule ulipimwa kwa urefu wa mkono wa Julia, na mgeni angeona nini halikuwa jambo kuu.

Tanzania inaujua mpango wa aina hii. Mbinu ya Kijapani ya kupanga mahali pa kazi, iitwayo 5S, ilianza kujaribiwa katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya mwaka 2007, ikaenea katika hospitali nyingine, na hatua zake zikaitwa sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Hakuna muuguzi anayelalamika kwamba kabati la vifaa lililopangwa limempunguzia akili.

Meza iliyofunikwa vitambaa wakati wa kukata ni kazi inayoendelea, na asiyeijua kazi hiyo asiiguse. Linalopaswa kupigwa vita ni rundo la mwaka jana lililokalia nafasi ya kazi ya leo: gauni lililokatwa kwa umbo la mtoto ambaye sasa ni mrefu kuliko mama yake, redio tatu zilizofunguliwa zikasubiri kipuri, rangi iliyoganda. Hivyo ndivyo vya kutoa kwanza, kabla ya kununua hata kikapu kimoja.

Na raha je, mpangilio hauiui? Mwanamuziki Rod Stewart alitumia zaidi ya miaka 20 kujenga mfano mdogo wa mji wenye reli katika nyumba yake ya Los Angeles, wenye urefu wa takriban mita 38, na jarida la Railway Modeller likauonyesha mwaka 2019. Alipokuwa kwenye ziara za muziki alikodi chumba cha ziada hotelini. Hoteli zilitoa vitanda na kuleta feni za kusaidia hewa kuzunguka, naye akajenga majengo yake humo kabla ya kurudi jukwaani. Hakungoja vurugu imletee msukumo. Alitaka meza iliyo wazi, taa, hewa na vifaa vinavyojulikana vilipo, akajipa hayo katika kila mji. Mama wa cherehani hana uwezo wa kukodi chumba cha hoteli, lakini ukuta anao na misumari anaimudu. Dakika kumi za mwisho za saa yake, mkasi ukirudi kwenye msumari wake na bobini kwenye kopo lake, zinatosha kumfanya kesho aanze kushona mara tu anapokaa.