Mtambo Uhesabu Watu, Si Magari

Ni jambo lisilopingika kwamba kompyuta yaweza kupunguza msongamano katika barabara za kulipia. Singapore imelithibitisha hilo tangu 1998. Huko mitambo hupima mwendo wa magari, nao wakuu wa barabara hupandisha au kushusha ada kulingana na saa, shabaha ikiwa magari yaende kilomita 45 hadi 65 kwa saa katika barabara kuu. Shabaha hiyo si siri.

Nasi tunayo Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa 2022. Ada yake hutegemea umbali na aina ya gari. Iwapo siku moja mitambo itashauri ada hiyo ibadilike kwa saa, swali langu ni hili: itahesabu nini? Kwangu mimi mwanaisimu, neno "msongamano" halijakamilika mpaka tutaje ni nani waliosongamana. Mtambo unaohesabu magari huliona gari la mtu mmoja kuwa sawa na matatu ya abiria 14. Tukiutii, tutamharakisha aliye juu na kumsahau anayesubiri chini, katika Barabara ya Mombasa. Lakini wahenga walinena, aliye juu mngoje chini: gari hilo nalo likishuka litaikuta foleni ile ile.

Kompyuta hushauri, haki haiijui. Hapana budi wasimamizi wa barabara watangaze shabaha yao kabla ya kununua mtambo, na hesabu yake iwe ya watu.