Wapeni Watoto wa Maretadu Mfalme Edipode

Wako watu, hata ndani ya Chama, wasemao kwamba tamthiliya za kale za Ulaya ni kasumba ya mkoloni, na kwamba kijana wa sekondari huko Maretadu, wilayani Mbulu, hana haja nazo. Sisi twasema hapana. Kasumba haimo katika mchezo. Imo katika namna mchezo unavyofundishwa.

Tulipata kukaa nyuma ya darasa moja la sekondari. Jina la shule tunalihifadhi. Mwalimu aliandika ubaoni: dhamira, ujumbe, migogoro, wahusika. Wanafunzi wakanakili. Tukamwomba kijana mmoja atusomee japo maneno machache ya mhusika yeyote. Akatutazama kwa huruma, kana kwamba wajinga ni sisi, maana kitabu chenyewe hakuwa amekishika hata siku moja. Mtihani huenda akafaulu. Lakini tamthiliya imetungwa isemwe kwa kinywa, watu wamesimama, wengine wakisikiliza. Kijana yule ameijua kama mtu aijuaye ngoma kwa kuhesabiwa vijiti vyake.

Maretadu twaitaja kwa sababu. Watoto wengi wa huko huanza na Kiiraqw nyumbani, wakakuta Kiswahili shule ya msingi, kisha sekondari wakapokewa na Kiingereza. Kwa nini basi Sophocles awafikie kwa lugha ya tatu? Mfalme Edipode yupo kwa Kiswahili tangu mwaka 1971, kafasiriwa na Samuel Mushi, ambaye mwaka 1968 alikwisha kutupa Makbeth.

Mchezo huo ulichezwa Athens zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Mji umeingiliwa na tauni. Mfalme aapa kumsaka mwenye kuleta nuksi. Kumbe mwenye nuksi ni yeye mwenyewe. Jukwaani lipo kundi la wazee waombao na kuitikia. Mwanafunzi wa London hana budi kuelezwa hao wazee wafanya nini pale. Wairaqw wanayo slufay: mzee atoa maneno ya baraka na wenzake waitikia. Tena wazee wao waijua desturi ya metimani, ya kuwatenga kwa muda waliofiwa ili nuksi isiwafikie majirani. Mtoto na amwulize babu yake habari hizo, kisha amsome Edipode anayetaka kufukuzwa mjini kwake. Hatahitaji maelezo ya ubaoni.

Na wale wa kasumba tuwaulize: Mwalimu Nyerere alikuwa na kasumba? Mwaka 1963, akiwa Rais, alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar. Mwaka 1969 akaitoa tena imerekebishwa, Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi. (Wachuuzi wa Shakespeare wamegeuka mabepari, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha! Mfasiri alijua alitendalo.)

Hatusemi cha kwetu kiwekwe kando. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ni ya mwaka 1969 pia, nayo yasimulia mtu aliyenaswa na neno lililotoka kinywani mwake, watu wakafa kwa ajili ya maji. Ikisomwa muhula mmoja na Edipode, wanafunzi watabishana mpaka kengele ya chakula. Hapo ndipo somo linapoanza.

Tutaambiwa vitabu hakuna. Kweli, ni adimu. Lakini waigizaji wa Shakespeare mwenyewe hawakupewa kitabu kizima. Kila mmoja alinakiliwa maneno yake, pamoja na yale machache ya mwenzake yanayomwita aingie. Nakala moja, madaftari, na wanafunzi wenye kalamu vyatosha kuanza. Wazazi wa Maretadu wanaochangia madawati na wachangie nakala hiyo moja, na siku ya mchezo wazee wakaribishwe waketi mbele, wapime kama vijana wanaitikia vema.