Kabla ya Kulipa Kodi, Mama Aione Nyumba

Wapendwa akina mama, mwezi huu tuzungumze habari ya kupanga nyumba mjini, hasa zile fleti za ghorofani. Wengi wetu hatuna kiwanja wala nyumba mjini. Tunaishi katika nyumba za watu. Jiji la Dar es Salaam peke yake lilikuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, na wote hao wanahitaji mahali pa kulala. Ghorofa mpya zinachipuka kama uyoga, na madalali hawakosi kazi.

Huenda utauliza, muuguzi na kupanga nyumba wapi na wapi? Magonjwa mengi tunayoyapokea zahanati yameanzia nyumbani: jikoni, kwenye tangi la maji, au katika chumba kisichoingiza hewa. Tena somo hili sisi wenyewe tulilipata kwa machozi.

Yaliyotupata

Januari 2014 tulihamia Dar es Salaam kutoka Iringa. Baba watoto alitangulia mwezi mmoja kutafuta nyumba, sisi tukabaki na watoto kufunga mizigo. Dalali alimwonyesha fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya nne, maeneo ya Kinondoni. Ilikuwa asubuhi ya jua kali, madirisha yote wazi, rangi mpya inanukia. Mwenye nyumba alitaka kodi ya mwaka mzima, na dalali akataka kodi ya mwezi mmoja juu yake. Baba watoto aliogopa kuwahiwa na mwingine, akalipa siku ileile. Kodi ya miezi 13 ikatoka kwa mkupuo, na akiba yetu yote ikaishia hapo.

Tulipofika tulikuta jiko ni chumba kidogo cha ndani, hakina dirisha ila kitundu kinachotazama ngazi. Fedha ya mtungi wa gesi haikuwapo tena, basi tukapikia mkaa. Siku za joto tulifungua milango yote, hatukuona neno. Masika ilipoanza, mvua ikawa inapiga madirishani. Tukafunga kila kitu, na jiko la mkaa likawaka ndani tangu jioni, maharage yakichemka.

Baada ya siku chache mtoto wetu wa pili alilalamika kichwa, kisha kizunguzungu, kisha akatapika. Tulidhani ni malaria, tukampima, haikuonekana. Tukadhani ni chakula. Halafu kichwa kikatushika wote, hata msichana wa kazi. Jumamosi tulikwenda kulala kwa shangazi yao Mbagala, na wote tukapata nafuu bila dawa. Jumapili tukarudi nyumbani, mvua inanyesha, tukawasha jiko. Usiku ule tulimkuta mtoto wetu mdogo, mwenye miaka mitatu, amelegea kwenye mkeka, haitikii jina lake. Tulishuka naye mbio ngazi zote za ghorofa nne.

Hospitali walimwekea oksijeni. Daktari alituuliza swali moja tu: "Mnapikia nini?" Tulikuwa na stashahada ya uuguzi, tumewafundisha wenzetu mambo mengi, lakini swali hilo hatukuwahi kujiuliza. Kwa neema ya Mungu mtoto alipona. Sasa yuko sekondari.

Sumu isiyonuka

Mkaa ukiwaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea, na mwisho kupoteza fahamu. Kwa mama mjamzito sumu hii humdhuru na mtoto aliye tumboni.

Ukiona watu wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, lishuku jiko. Watoe watu nje haraka, fungua milango na madirisha, kisha wapeleke hospitali. Usipoteze muda kuwanywesha maziwa. Hayaondoi sumu hii. Na kamwe usilale na jiko la mkaa ndani, hata kama moto unaonekana umefifia.

Tusimlaumu baba watoto. Alitazama vyumba, bei, na umbali wa kazini. Jiko hakulichunguza kwa kuwa si yeye apikaye. Sisi nasi tulimwachia mzigo wote, tukasema, "Wewe tafuta tu, popote tutakaa." Kosa lilikuwa letu sote wawili. Ndiyo maana tunasema: fedha isitoke mpaka yule atakayepika, kufua na kulea katika nyumba ile ameiona kwa macho yake. Ikiwa uko mbali, mwombe dada yako au mama wa kanisa aishiye huko akakutazamie. Mtu wa namna hiyo hatakosa.

Mambo ya kutazama

1. Nenda mara mbili. Mara moja mchana, na mara nyingine jioni, wakati majirani wote wanapika na kuteka maji. Ukiweza, nenda siku ya mvua. Ndipo utajua kama dari linavuja na kama njia inapitika. Walioishi bonde la Msimbazi wanakumbuka mafuriko ya Desemba 2011. Nyumba iliyo kavu mwezi wa saba huenda ikawa ziwa wakati wa masika.

2. Jiko na hewa. Jiko liwe na dirisha linalofunguka kwenda nje, si kwenye ngazi wala ukumbini. Hata gesi inahitaji dirisha. Vyumba vya kulala pia vipitishe hewa, kwa maana kifua kikuu hupenda chumba kilichofungwa chenye watu wengi.

3. Maji. Fungua bomba la juu katika fleti yenyewe, usitosheke na bomba la chini uani. Mara nyingi maji hayapandi ghorofani bila pampu, na umeme ukikatika pampu nayo inasimama. Uliza tangi lilisafishwa lini, na umeme wa pampu analipa nani. Ukiweka maji ya akiba, yafunike vizuri. Mbu wa homa ya dengi huzaliana katika maji safi yaliyotuama, naye huuma mchana. Dar es Salaam iliipata homa hiyo mwaka 2014 na tena 2019.

4. Ngazi na kibaraza. Pita ngazini huku ukiwaza mimba ya miezi minane na ndoo mkononi. Je, kuna taa usiku? Kuna mahali pa kushika? Kizuizi cha kibaraza kiwe kirefu, na nafasi kati ya nondo zisipitishe kichwa cha mtoto. Madirisha ya juu yawe na nondo. Usiweke kiti wala ndoo karibu na dirisha, mtoto hupanda.

5. Mwenye nyumba ni nani? Tangu ilipotungwa sheria ya 2008 inayoruhusu mtu kumiliki sehemu tu ya jengo, ghorofa moja linaweza kuwa na wenyewe wengi. Usiseme, "Jengo hili ni la fulani." Omba kuona hati ya fleti ile, na uliza ofisi ya serikali ya mtaa pamoja na majirani. Kodi usimkabidhi dalali. Mlipe mwenye nyumba mwenyewe, ikiwezekana kwa benki, na utunze risiti.

6. Mkataba. Uwe wa maandishi, mbele ya mashahidi. Uonyeshe kodi, muda, notisi ya kuhama, na nani atengenezaye paa, pampu na mabomba ya maji taka. Uonyeshe pia nani analipa mlinzi, taka na usafi wa ngazi. Uliza kama LUKU ni yako peke yako au ya pamoja, maana mita ya pamoja huleta ugomvi. Kabla ya kuingia, andikeni kila kilichovunjika, nyote mtie sahihi.

Hesabu kabla ya kulipa

Tuseme kodi ni shilingi 300,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi 6. Hiyo ni 1,800,000. Dalali naye 300,000. Jumla ni 2,100,000, na bado gari la kuhamisha, mtungi wa gesi, mapazia, umeme wa kwanza na chakula cha mwezi. Ikiwa kodi itamaliza akiba yote, nyumba hiyo si yako bado. Afadhali fleti ndogo, au mtaa wa mbali kidogo, ukabaki na fedha ya kuishi. Tena msione aibu kuomba kulipa miezi mitatu mitatu. Wapo wanaokataa, na wapo wanaokubali.

Sisi mwenye nyumba alikataa kutoboa dirisha, na kodi hakurudisha. Waliotuokoa ni akina mama wenzetu wa upatu. Waliposikia yaliyompata mtoto, walitupa zamu ya kwanza, tukanunua mtungi na jiko lake. Mwaka ulipokwisha tukahama. Safari ile tulikwenda kutazama sisi na baba watoto pamoja. Yeye alikagua mkataba na mita, sisi tukaingia moja kwa moja jikoni.

Mama, usiogope kuonekana mjuaji. Dalali akisema, "Harakisheni, kuna mtu mwingine anaitaka," mwambie kwa upole, "Basi apewe huyo." Nyumba zipo nyingi, watoto hawana wa kubadilisha.

Mungu awatunze ninyi na nyumba zenu. Tukutane mwezi ujao.