Jani la Fukayosi linaonekana toka angani, mwenye shamba haambiwi

Makamanda, leo siandiki kuhusu tume ya uchaguzi wala katiba mpya. Naandika kuhusu jani la mhogo. Msikimbie, tutafika kwenye sheria.

Shangazi yangu analima Fukayosi, pembeni ya barabara ya Bagamoyo kwenda Msata. Msimu uliopita shamba lake lilikuwa kijani mpaka wapita njia wanalisifia. Siku ya kung'oa, kila muhogo anaoukata una mabaka ya kahawia ndani, makavu na magumu kama gome. Mnunuzi aliuvunja mmoja, akauangalia, akawasha pikipiki yake akaondoka. Shangazi aliokoa vipande vya kuchagua tu, vya kula nyumbani. Akaniambia, "Mwanangu, mhogo umenidanganya."

Ule ugonjwa unaitwa michirizi kahawia. Ni virusi, na si jambo geni: ulielezwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1936 kule Amani, Tanga. Miaka karibu 90! Unaenezwa na inzi weupe, na unaenezwa na sisi wenyewe tunapogawana pingili za kupanda. Jani la chini linapata umanjano kidogo kandokando ya mishipa, unasema limezeeka tu, shina unaliona zima, unakata pingili unampa jirani. Shangazi aliwapa watu watatu kabla hajang'oa, mmoja yuko Kidomole. Amegawa hasara kwa mkono wake bila kujua, na hilo linamuuma kuliko ile pesa.

Sasa swali langu: ilikuwa lazima asubiri mpaka siku ya kung'oa?

Jani lenye afya linameza mwanga mwekundu ili lijitengenezee chakula, na linarudisha kwa wingi mwanga ulio ng'ambo ya mwekundu, ule ambao macho yetu hayauoni. Likianza kuumwa, hesabu hiyo inavurugika: mwekundu unaorudi unaongezeka, ule usioonekana unapungua. Mara nyingi hili linaanza kabla jani halijageuka rangi mbele ya macho yako. Kamera inayopima aina hizo za mwanga inaweza kushtuka mapema kuliko mkulima mzoefu.

Si hadithi za mbali. Mwaka 2018 watafiti walichapisha kazi yao ya kusini mwa Italia, ambako bakteria walikuwa wanamaliza mizeituni. Walirusha ndege yenye kamera za aina hiyo, wakaitambua miti iliyoambukizwa kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 80, ikiwemo ambayo haijaonyesha dalili. Mwaka 2022 ikachapishwa kazi juu ya mhogo wenyewe, na ugonjwa wenyewe ni huu wetu wa michirizi kahawia: kamera ikausoma kwenye jani kabla ya macho.

Na juu ya vichwa vyetu zipo setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya. Ya kwanza ilirushwa 2015, ya pili 2017, na zote mbili zikifanya kazi zinapita kila siku 5. Picha zake ni bure. Yaani Fukayosi inapigwa picha kila wiki na picha ziko wazi kwa yeyote mwenye bando.

Nisidanganye watu hapa. Nukta moja ya picha ile ni mita 10 kwa 10, na kwenye mita 10 za shangazi kuna mhogo, mbaazi, mwembe na banda la kuku. Wakati wa masika mawingu yanaziba. Na setilaiti haisemi "michirizi kahawia", inasema "hapa mimea ina shida", ambayo inaweza kuwa ukame tu au udongo uliochoka. Kwa hiyo lazima mtu ashuke akaangalie. Picha ni bure, mafuta ya pikipiki ya afisa ugani si bure. Anayekuja kwenu na droni na makamera huku hana bajeti ya mtu wa kwenda shambani, muulizeni anauza nini.

Lakini kuna jambo linaniuma zaidi. Mwaka 2017 ilichapishwa kazi ya kuifundisha kompyuta kutambua magonjwa ya mhogo kwa picha za kawaida. Picha 2,756. Zilipigwa wapi? Kwenye mashamba ya majaribio ya IITA, nje kidogo ya Bagamoyo. Hapa hapa kwetu! Ikazaliwa programu ya simu inaitwa Nuru, inaongea Kiswahili, inafanya kazi bila intaneti. Utafiti wa 2020 ulioongozwa na Latifa Mrisho ukailinganisha na binadamu: Nuru ilipata asilimia 65, maafisa ugani kati ya 40 na 58, wakulima kati ya 18 na 31. Mihogo ya Bagamoyo imeifundisha mashine, halafu shangazi yangu, mwendo mfupi kutoka yalipo mashamba hayo, hajawahi kuisikia. Nilimuonyesha mimi, kwenye simu yangu, mhogo ukiwa umeshaoza.

Wazee wa Pwani wanaijua picha hii kupitia minnazi. Nazi changa zinadondoka, ua linakuwa jeusi, makuti yanageuka manjano, kilele kinaanguka, inabaki nguzo. Ukifika kwenye manjano umeshachelewa, na dawa hakuna.

Mtaniambia hiyo ni kilimo, siasa iko wapi? Ibara ya 18(d) ya Katiba, hii hii tunayotaka ibadilishwe, inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha na shughuli zake. Ipo pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016: raia anaomba, ofisi ya umma inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Tangu 2020 tuna sheria ya afya ya mimea iliyounda mamlaka yake, TPHPA. Vyombo vipo. Ila nchi hii mwaka 2018 ilikuwa imefika mahali kutoa takwimu zinazopingana na za serikali ni kosa la jinai, mpaka sheria ikalegezwa 2019. Ukishazoea kuziona taarifa kama mali ya ofisi, hata habari ya jani inakaa kwenye droo.

Na sisi tusijisifu. Mikutano yetu ya Pwani tunapiga kelele za mbolea, pingili safi hatutaji.

Jumatatu napeleka barua halmashauri. Nauliza mambo mawili tu: kuna ramani au ripoti yoyote ya magonjwa ya mihogo kata ya Fukayosi kwa misimu mitatu iliyopita? Na kama ipo, ilibandikwa ofisi ya kijiji gani, tarehe ngapi, kabla au baada ya watu kukata pingili? Nakala nitaiweka hapa siku hiyo hiyo. Wewe wa Kiwangwa, Mkuranga au Muheza, badilisha jina la kata, uweke la kwenu, uipeleke.