Brave, Firefox ama Tor? Jiulize Kwanza Nani Ameshika Simu Yako

Siku hizi kila msee anauliza brauza gani iko fiti: ubaki Chrome ama uhamie Brave, Firefox, Tor? Swali poa. Lakini kuna kesi ya hapa kwetu inaonyesha hiyo ni nusu tu ya stori.

Mei 2025, watengenezaji filamu wanne walishikwa Nairobi juu ya Blood Parliament, ile filamu ya BBC kuhusu maandamano ya 2024. Walikana kuhusika. Wao waliachiliwa kesho yake, lakini simu zao zikabaki na polisi hadi Julai. Baadaye wachunguzi wa Citizen Lab, Chuo Kikuu cha Toronto, wakapata baadhi ya simu hizo zimewekwa FlexiSPY karibu Mei 21. Yaani simu zikiwa bado mikononi mwa polisi.

FlexiSPY si siri ya majasusi. Inauzwa mtandaoni, mradi uko na doo. Inasoma meseji, inarekodi simu, inakufuata kila mahali. Lakini kuiweka, lazima mtu aishike simu yako.

Sasa fikiria kortini. Kama mtu aliweza kuingiza programu kwa simu iliyoshikiliwa kama ushahidi, nani atakuhakikishia hakuongeza chati ama kufuta picha? Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti cha kuonyesha ushahidi wa kidijitali ulitolewaje na kwa mashine gani. Karatasi bila rekodi ya nani alifungua simu na lini haisaidii sana. Na hii inakata pande zote: msee asiye na makosa anaweza kufungwa, na mwizi kamili anaweza kutoka akicheka.

Turudi kwa brauza. Incognito inafuta historia kwa simu yako tu. Kampuni ya intaneti na tovuti bado zinakuona. Brave na Firefox zinazuia wale wanaokufuatilia kutoka tovuti moja hadi nyingine. Tor inaficha unatokea wapi, ingawa ni pole pole. Chagua moja, uko mbele ya wengi. Lakini hakuna hata moja itakuokoa kama kuna kitu ndani ya simu kinasoma unachochapa.

So fanya hivi. Weka namba ndefu ya siri, si kidole pekee. Ukiona mambo inaharibika, zima simu kabisa, sababu ikiwa imezimwa ni ngumu zaidi kuifungua. Wakiichukua, itisha orodha iliyoandikwa ya kila kitu wamebeba, na tarehe.

Na ikirudi, usikimbilie kuingia M-Pesa ama WhatsApp. Badilisha paswadi ukitumia kifaa kingine. Pia usiifute yote kwa hasira. Wale wasee wanne wangefuta zao, leo hakuna mtu angejua kulikuwa na FlexiSPY. Peleka kwa wakili wako kwanza, ichunguzwe. Ushahidi unaeza kuwa wako pia.